Nilivyopokewa Uwanja wa Ndege Nikitoka Makutano

Leo nimeadhirika, tena mbele ya kwaya nzima ya akina mama wa kanisa letu.

Usiku kucha ndani ya ndege sikufumba jicho. Swali lilikuwa moja: watakuja au hawatakuja? Ninyi wenzangu mliobaki hosteli hamjui mambo ya Manyatta, huko Embu. Kwetu mtu akienda ng'ambo, kanisa hukodi basi kumsindikiza, na akirudi hukodi jingine kumpokea. Nilimwandikia mama kwamba wasijisumbue, nitapanda mabasi mpaka nyumbani kama watu wengine. Akajibu tu kwamba wote ni wazima na mbuzi amezaa. Hiyo ni ndiyo au siyo? (Nina digrii ya takwimu. Haikunisaidia.)

Asubuhi nikatoka nje na sanduku langu. Wengine wanakumbatiwa. Mimi sina mtu. Nikazunguka, nikarudi, nikajifanya nasoma bango. Nikingoja na wasije, nitaonekana yatima. Nikiondoka nao waje, nitakuwa nimemvunja mama moyo. Dereva wa teksi akaniuliza kama nimepotea, akaniuliza tena. Hapo nikaamua kwamba hawaji. Nikapanda basi la jiji hadi mjini, kisha basi la Embu, nikakaa dirishani nikijipongeza kwa kuwa mtu wa kawaida.

Tulisimama Makutano, soko la njiani, abiria wanunue vitu. Mbele yetu palikuwa na basi lililofungwa maua usoni, linabadilishwa gurudumu, limeelekea Nairobi. Harusi, nikasema. Halafu nikaona vitambaa vyeupe vya kichwa. Halafu nikamwona shangazi Wanjira amepakata picha yangu ya mahafali, ndani ya fremu, kama ya marehemu.

Mtu mwenye akili angewakimbilia. Mimi nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi ili nifikirie kwanza. Nikijitokeza hapa, safari yao imeharibika. Nisipojitokeza, watangoja huko mpaka jua litue, mama akidhani ndege imeanguka. Au nirudi garini niinamishe kichwa? Au nivae miwani?

Nikiwa bado naiwaza miwani, mchungaji akawakusanya kivulini, karibu kabisa na ndizi zangu, waombe.

"Baba, unajua tumecheleweshwa na pancha," akasema. "Tunaomba uishikilie hiyo ndege huko juu. Isitue mpaka tufike."

"Amina," wakaitikia.

"Amina," nikasema.

Nimelelewa hivyo, ilitoka yenyewe. Tatizo ni kwamba ya kwangu ilikuja peke yake, nyuma ya zao, kutoka kwenye ndizi.

Mama akageuka. "Nyaga?"

Nikatoka, jani kavu la mgomba limening'inia begani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama alinitazama, akatazama basi nililoshuka, akatazama mbinguni.

"Ndege imekuteremsha hapa?"

Nilijieleza vibaya. Kondakta wangu naye akaja kuuliza kama naendelea na safari au la, maana watu wanachelewa. Mama Ireri, mwenyekiti wa akina mama, akamjibu kwa niaba yangu kwamba bado tunaongea. Kisha akanigeukia. Alisema wamefanya mazoezi ya nyimbo tangu mahindi yalipopandwa, na kwamba mama yangu ameliambia soko zima kuwa leo atampokea mwanawe eapoti. Sasa akaliambie soko nini?

"Makutano tunaijua, Nyaga," akamalizia. "Huku tunakuja kununua ndizi."

 Mama yangu alikuwa amevaa viatu vipya, vinambana, naye alivitazama tu. Afadhali angenigombeza. Nilielewa kwamba kama basi lile lingegeuka pale, angesema haidhuru, kisha angekaa miezi bila kwenda sokoni.

Mimi huwaza sana hata kabla ya kuchagua soksi. Leo sikuwaza. Nilimwambia kondakta anishushie sanduku kutoka juu ya basi.

"Twendeni eapoti," nikasema.

Walifikiri natania, mpaka nilipotangulia kupanda basi lao.

Tulipofika, nikawaacha wajipange nje, mimi nikaingia ndani na sanduku. Askari wa mlangoni akaniuliza natoka nchi gani. Nikamwambia Makutano. Akachungulia nje, akaona kwaya, akaona shangazi ameinua picha yangu juu ya kichwa, akaniangalia kwa huruma.

"Simama pale kando," akasema. "Kuna ndege ya Entebbe inatua sasa hivi."

Abiria wa Entebbe walipotoka, nikajichomeka katikati yao, nikatokea mlangoni nikipunga mkono. Kwaya ikalipuka. Mama akanijia mbio kwa viatu vile vile, akilia machozi ya kweli. Na mimi, jamani, nikalia.

Mtu wa Manyatta akiwaandikia kuuliza, nilipitia Entebbe.