Printa ya Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda! Bosi kakubali nifanyie kazi nyumbani, wiki moja ya majaribio. Mama kavunjika mguu na hana mwingine ila mimi. Sharti moja: kila siku kabla ya saa nne, orodha ya mizigo itoke kwenye printa ya stoo, mimi nikiwa huku. Nikishindwa, narudi ofisini na Mama abaki peke yake na magongo. Sitaki hata kulifikiria.

Nimejiandaa kitaalamu. Ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha intaneti, nimeipa nambari zilezile za ofisini, 192.168.1. Hata printa yetu, iliyoko chumbani kwa Mama, nimeipa namba ishirini kama ya stoo. Zikifahamiana, kazi itakwenda mbio. Fundi wa mtandao wa ofisi, tunayemwita Bi Nyaya, sijamwambia. Ataniiga.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia kwa VPN, ile njia ya siri ya kufika ofisini ukiwa mbali. Taa ya kijani! Nikachapa orodha. Kompyuta ikasema tayari. Saa nne bosi akapiga simu: printa ya stoo kimya, wapakiaji wamekalia magunia. Nikachapa tena. Mara saba!

Mama akauliza kutoka chumbani kama karatasi zote hizi ni za kujipepea. Nikamwambia apumzike, nina kazi. Mchawi wangu namjua. Bi Nyaya, hana lolote ila wivu.

Jumatano, 6 Machi

Orodha haikufika tena. Nimemwandikia bosi barua ya kurasa mbili: mtandao umemshinda Bi Nyaya, mimi nipo. Nikaituma printa ya stoo, aikute akifuata orodha.

Dakika haikupita, Mama akaniita kwa jina langu kamili. Hapo hakuna usalama. Miwani puani, barua mkononi. Akauliza mwanamke wa watu kanikosea nini. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kesho nitampigia huyo Bi Nyaya simu, yeye akisikia.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kanipa mwisho leo. Nimepiga simu, Mama kanikazia macho.

Bi Nyaya hakucheka. Aliuliza nambari za nyumbani zinaanzaje. Nikamsomea. Akaeleza taratibu: mtaa ukiwa na nyumba mbili zenye namba ishirini, mpeleka barua huishia kwenye ile ya karibu. Kompyuta yangu ikiikuta ishirini chumbani kwa Mama, isafiri ya nini? Akauliza nani alichagua nambari hizo. Nikasema fundi mmoja hivi. Akasema huyo fundi asirudie.

Mwanamke huyu! Kwa simu tu, dakika kumi, kaniongoza kuibadilisha ruta ianze na 10.77.4. Nikachapa. Nikasikia wapakiaji wakishangilia kwenye simu yake! Na bosi kaambiwa ilikuwa hitilafu ndogo, basi. Hakunitaja. Nilitaka kulia. Kichwa kile, na moyo ule! Barua nimeichana vipandevipande.

Jumamosi, 9 Machi

Nabaki nyumbani mpaka mguu upone! Mama kachekelea siku nzima.

Bosi naye ataanza kufanyia kazi kwake Jumatatu. Kaniita mimi, mzoefu, nimfungie ruta. Nilifikiri sana. Mimi karani, kutengewa nambari za pembeni, zile 10.77.4, ni haki yangu. Lakini bosi ndiye mwenye ofisi, apewe za pembeni kwa kosa gani? Nimempa za ofisi, 192.168.1, kamili. Printa yake, ishirini.

Bi Nyaya sijamwambia. Jumatatu ajionee mwenyewe mwanafunzi wake alipofikia.