Kioo cha Balozi

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, pale Magoma, moto wa kijiwe cha kahawa uliwashwa na Lemayian, mfugaji waliyembandika jina la Redio. Alileta habari: asubuhi hiyo hiyo mhandisi anarudi na basi la Korogwe kukagua daraja la mkoloni. Akikuta kile kioo alichokibandika kwenye ufa wa nguzo ni kizima, basi hilo linaruhusiwa kupita papo hapo.

Balozi Kibwana akapaliwa na kahawa. Kioo kile alikabidhiwa yeye, balozi wa nyumba kumi, mbele ya watu wote. Na ndani ya basi hilo alikuwemo bintiye Fatu, anatoka Korogwe kuja kufunga ndoa.

Mdoe seremala, maarufu Misumari, akaapa daraja lile litawazika wajukuu wao. Redio akabisha: ng'ombe wake wamelikataa tangu masika, wanavuka majini, na ng'ombe hawana siasa.

"Ng'ombe wako wanaogopa maendeleo," Misumari akasema. "Jana nimekiona kioo, kinang'aa kama kipya."

"Ni kipya," Kibwana akasema, macho kwenye kikombe.

Wote wakamgeukia, naye akaendelea.

"Cha kwanza kilipasuka. Nikajua nitaulizwa nani kavunja mali ya serikali. Nikabandika kingine."

"Kimoja?" Misumari akauliza.

"Vinne."

Redio, aliyemshikia mhandisi ngazi siku ya kubandika kioo, akaweka kikombe chini taratibu. "Balozi, kile kiliwekwa ili kipasuke. Kikipasuka, ndiyo daraja linasema limechoka. Wewe umeliziba mdomo mara nne."

Misumari naye alikuwa na lake. "Na hivyo vioo ulivitoa wapi?" Maana fremu zake nne za picha zilikuwa tupu, hazina vioo, na kwa ajili ya hizo fremu watoto wa jirani walishachapwa.

Kabla hajajibiwa, honi ikalia ng'ambo ya mto. Kibwana akaacha ndara, akapandisha kanzu, akalipita daraja mbio na kusimama mbele ya basi, mikono kaitanua kama anaswaga mbuzi. Mhandisi akashuka, Kibwana akamwaga yote, hadi habari ya fremu. Mhandisi akalitazama daraja, akamtazama balozi, akaamuru abiria wote washuke.

Fatu akavuka mto kwa miguu, sanduku kichwani, nyuma ya ng'ombe wa Redio. Alipofika ukingoni alimpa baba yake shikamoo kwanza.

"Halafu baba, kwangu kutakuwa na kabati la vioo. Ukija kututembelea, utakaa uani."