Mawele ya Mama na Maji ya Adhuhuri

Alhamisi, 20 Novemba 2025
Vuli imetutupa mkono. Hata wingu la kusingizia hakuna! Bi Ndinda wa kituo cha utafiti alishatuonya: mtu asitie maji mawele ya majaribio. Anatafuta mbegu inayovumilia ukame, aizalishe kwa kuichanganya na ile ya kituo inayotoa mazao mengi lakini haiwezi jua. Kila mkulima kapanda mbegu ya kwao; mimi nimepanda ya Mama. Ameitunza darini, kwenye moshi wa jiko, tangu alipoolewa. Mama asema ikichaguliwa, haitakufa naye. Mimi nataka ipewe jina langu. Mwambire Bora! Nimeshamwambia binamu yangu wa Barani.

Jumapili, 23 Novemba
Nimesingizia tumbo. Wote kanisani, mimi na ndoo shambani. Emily, mke wangu, aliporudi akauliza mitungi imemalizwa na nani. Nikasema mbuzi. Akasema mbuzi hao wana adabu sana, wamefunika.

Ijumaa, 28 Novemba
Kila adhuhuri watu wakikimbia jua, mimi namwagilia. Mawele yamenawiri! Ya jirani yangu Kahonzi yamejikunyata. Kaniuliza mvua yangu hunyesha saa ngapi. Wivu tu. Mama alikuja na fimbo yake, akashika suke, akasema mawele yake hayajawahi kunenepa wakati wa njaa. Nikamwambia ni mkono wangu.

Jumatatu, 1 Desemba
Bi Ndinda anakuja wiki ijayo. Nimeacha kumwagilia ili udongo ukauke, asishuku. Akili ni mali!

Jumatatu, 8 Desemba
Lo! Mawele yangu yamelala chini yote. Ya Kahonzi, mafupi yale, yamesimama wima. Bi Ndinda akang'oa shina langu moja: mizizi iko juujuu tu, imezoea kuletewa. Akaniuliza mbele ya watu kama nilitia maji. Kama nilitia, alisema, si kosa la mbegu, ataijaribu upya. Kama sikutia, mbegu ni dhaifu, hataichukua.

Mama alinitazama. Akasema mbegu ile ililisha watoto saba mwaka mahindi yalipoungua, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wao. Akaniomba niseme kweli. Neno moja tu! Lakini Kahonzi alikuwa pale pale, kashika kiuno, ananingoja. Nikaapa kwa marehemu Baba kwamba sikutia hata tone.

Jumanne, 9 Desemba
Mama hasemi nami. Asubuhi alishusha kibuyu cha mbegu kutoka darini, akasaga yote, akapika uji. Alimwambia Emily kwamba kama ni dhaifu, basi na iliwe. Nilipewa kikombe kama wengine. Ulikuwa mtamu.

Yote haya kayaleta Kahonzi! Angeondoka pale, ningesema. Sasa mbegu yake ndiyo iliyochaguliwa, na itajaribiwa tena masika. Haya. Safari hii shamba langu silitii maji kabisa. Nitamwagilia lake.