Mmweko wa Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa kamati inachagua. Tangi letu la zenoni, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika na humweka ikigongwa, huku chini ya mlima, litaachiwa utafutaji mmoja tu. Kwamba maada ya giza, ile isiyoonekana tunayoitafuta, ina uzito, hakuna anayebisha. Je, inaigusa maada yetu kwa njia nyingine yoyote? Ornella, mtafiti mwenzangu, anasema inagonga viini vya atomu, kupitia chembe ya Higgs. Mimi nasema ina mwanga wake, binamu wa mwanga wetu, unaosukuma elektroni. Nikishindwa, ni pensheni. Kutoka Shkodra, mji nilikozaliwa, nilihamishwa nikiwa kijana. Sitaki kuhamishwa tena.

Jumanne, 5 Machi
Data imefunguliwa. Elektroni! Mimweko minane, palepale nilipotabiri! Wa tisa hafifu, umejibanza ukutani mwa tangi, ambako uchafu wa kawaida humeta kila mara. Nikautupa. Mimi ni mtu makini. Ornella kauliza mbona natabasamu kama bwana harusi. Nikasingizia jino.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu: kumnong'oneza mkurugenzi na kumwapisha asiseme. Hawezi kunyamaza, namjua. Kufikia mchana muuza mishikaki ya kondoo alinipongeza.

Alhamisi, 7 Machi
Ornella kaniuliza, mpole kama muuguzi, "Mzee Gjergj, chumvi ya Bruno umeifikiria lakini?" Bruno, mtunza data wetu, hutia ishara bandia kwenye data kwa siri, tusije tukaona tunachotamani kuona. Hufichua mwishoni tu. Nikacheka. Utaratibu huo niliupendekeza mimi, kwa ajili ya watu wenye pupa!

Ijumaa, 8 Machi
Nilihutubia kwa tai nyekundu. Makofi. Bruno akasimama, akikuna shingo. "Nisamehe, mzee wangu. Ile minane ni yangu."
Ornella hakucheka. Akanisogezea kiti. Afadhali angecheka!
Tangi kapewa yeye. Kisha akaiambia kamati kwamba anataka nibaki, nimtilie chumvi kwenye data yake, kwa kuwa sasa naijua ladha yake. Nikajifanya nafikiria.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekubali kazi. Nimekunywa kahawa bila hasira. Somo limeniingia barabara: subira, unyenyekevu, mdomo kufungwa.
Ila Bruno alisema minane. Ule wa tisa si wake! Nimeutazama upya. Si uchafu hata kidogo. Una haya tu.
Sijamwambia mtu. Mkurugenzi peke yake, naye ameapa.