Mashine Chini ya Kabichi

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefungwa tena na Daktari Kueh. Mchezo wa weichi, ule wa kuzingirana kwa mawe, ubao wa kwanza, ukumbi wa mtaa, mbele ya kadamnasi. Mawe yangu meusi yalizingirwa na meupe yake kama mbuzi zizini. Naomba radhi kwa kuandika kwa hasira.

Kueh aling'oa meno ya mji wetu wa Tamsui mzima mpaka alipostaafu, wala hakuwahi kunishinda kabla ya mwaka huu. Sasa anavamia kona mapema, mchezo ungali mchanga, bila haya! Waungwana wa rika letu hatukufundishwa hivyo. Huo ni uchezaji wa kompyuta. Nashuku ana mashine nyumbani.

Jumatano ya wiki ijayo ni sikukuu ya wazee, na Bi Siau, mwenyekiti wa mtaa, atatukutanisha mara ya mwisho. Mshindi atakalia kiti cha kwanza dhidi ya wazee wa Pat-li, ng'ambo ya mto. Atakayeshindwa atasafiri kama mbeba chai. Kiti hicho ni changu tangu mke wangu akiwa hai. Yeye alikuwa akiketi nyuma yangu akifuma, na akikohoa kidogo kila mkono wangu ulipoelekea mahali pabaya. Kifua chake kilikuwa dhaifu, maskini. Tangu aniache, sijui kwa nini, sipati utulivu mchezoni.

Mlangoni Kueh aliniuliza, "Kaka Gan, mabega bado yana nguvu? Birika la chai ni zito, ati." Nilimtakia afya njema. Mungu anisamehe, sikumaanisha.

Jumanne, 21 Oktoba

Taipei, soko la kompyuta. Mpango wangu ni huu. Programu ya weichi inahitaji kadi ya picha yenye nguvu, yaani ubongo wa pili wa kompyuta. Lakini kompyuta zenye kadi hizo ni nene kama tofali na zinamulika taa nyekundu. Mzee wa kanisa hawezi kuonekana nayo. Kwa hiyo: kompyuta mpakato nyembamba, ya kuingia katika mfuko wa Biblia, na kadi ya nje katika kasha lake, iliyofichwa chini ya kitanda. Waya mmoja baina yao. Nitaichunguza michezo ya Kueh na kuuthibitisha udanganyifu wake. Huu si udanganyifu, ni uchunguzi.

Muuzaji ni Bi Phuann, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mnadani. Nilimwambia naitaka kwa ajili ya nyimbo za kanisa. Aliuliza ni nyimbo gani hizo zinazohitaji kadi ya picha. Nilimwomba radhi.

Aliweka mbili mezani. Ya kwanza, nyepesi kama upepeo, rangi ya fedha. Ya pili, nzito kidogo, sura ya sinia. Matundu ya waya yalikuwa sawasawa, ila la sinia lilichorwa radi ndogo pembeni. Bi Phuann alisisitiza, "Babu, matundu ni mapacha kwa sura, si kwa tabia. Kadi ya nje inataka hili la radi. Hilo jingine ni la kuchajia simu tu." Nilitazama bei. Ya radi ni ghali zaidi. Kumbe! Kisha akamkonyeza jirani yake wa duka la pili. Mimi si mtoto. Nilimshukuru sana na kununua ile nyepesi.

Alinipa kasha, kadi, na bure kabisa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile ambayo mafundi wa hapa huiweka juu ya mashine, kama hirizi, ili zitulie. Nilimweleza kwa heshima kwamba imani yangu hairuhusu ushirikina. Alisema basi nile.

Jumatano, 22 Oktoba

Kasha lina ukubwa wa sufuria ya umeme ya wali. Feni yake inavuma kama tufani. Kompyuta haioni kadi. Nimechomoa, nimechomeka, nimeomba. Haioni! Nashuku waya. Baadaye nikamshuku fundi wa umeme aliyepita ngazini, ambaye mkewe alitiwa jino la dhahabu na Kueh.

Nimekula ile pakiti. Ilikuwa na ladha ya nazi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilirudi kwa Bi Phuann nikiwa nimeandaa hotuba kali. Niliianza kwa kuomba radhi na kuimaliza kwa kuomba radhi, katikati sikumbuki. Alitazama tundu, akanitazama mimi, akauliza, "Mimi nilisema nini? Si nilisema radi?" Akanibadilishia, nikaongeza tofauti ya bei. Alifanya haraka mno. Kwa nini alikuwa ameiweka ile ya radi tayari chini ya meza?

Natoka tu, uso kwa uso na Kueh! Ana kifurushi kidogo. Akakificha nyuma. Nami nikauficha mfuko wangu. Alisema amekuja kutafuta betri ya saa. Nilisema hata mimi. Tukasifiana saa. Katika jengo lile haiuzwi saa hata moja.

Sasa nina ushahidi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kompyuta imeiona kadi! Nimepiga makofi peke yangu chumbani, kisha nikaona aibu.

Niliingiza mchezo wa Jumatatu, hatua kwa hatua. Mashine inapingana na takriban nusu ya hatua za Kueh. Mtu mwepesi angesema basi hana mashine. Mimi nasema ni mjanja kiasi cha kudanganya vibaya kwa makusudi.

Kuhusu hatua zangu, mashine inadai nilikuwa nimeshindwa kabla hata chai haijamiminwa. Inaonyesha mahali ninapokosea, palepale kila mara, upande wa kushoto. Lugha yake ni kavu. Haikohoi. Nashuku programu hii iliandikwa na mtu wa Pat-li.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kadi imeganda mara tatu. Jana sikuigusa, ilikuwa Jumapili, isipokuwa kidogo baada ya ibada. Leo nilinunua pakiti nyingine ya vile vitafunio na kuiweka juu ya kasha, si kwa imani bali kwa sababu kabati limejaa. Ikaganda kabisa! Nilimpigia simu Bi Phuann. Aliuliza pakiti ni ya rangi gani. Nikasema njano, za kijani zilikuwa zimekwisha dukani. Alipiga ukelele hata nikaisogeza simu mbali na sikio: "Ya njano? Babu, hiyo ni taa ya onyo! Unaiambia mashine iugue!"

Nimeiondoa. Kadi ikaamka. Sitamwambia mchungaji.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilipaswa kufanya mazoezi ya upande wa kushoto. Badala yake nilikaa dirishani kutwa kuitazama nyumba ya Kueh. Alitoka asubuhi na mapema, akarudi jioni akiimba. Mtu asiye na siri haimbi.

Nimeamua kuichukua mashine ukumbini kesho, kwa usalama wake. Nyumba tupu huvunjwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Siku ya fedheha. Nitaandika kwa ufupi.

Kasha la kadi nililiweka katika kigari changu cha sokoni, nikalifunika kwa vitunguu vya majani na kabichi kubwa. Niliketi karibu na soketi. Kompyuta nikaipakata, Biblia juu yake, kwa ajili ya kuandika hatua za Kueh tu, na pengine kutupia jicho.

Tulianza vizuri. Alipovamia kona, nikabonyeza. Feni ikaamka. Kueh aliinua kichwa, akasikiliza, akasema kwa sauti ya daktari, "Kaka Gan, kabichi yako inakoroma." Ukumbi ulicheka. Nilisema ni kabichi ya mlimani. Hapo Bi Siau akawasha mtungi wa umeme wa chai, na umeme ukakatika mtaa mzima. Katika kutapatapa nilikigonga kigari. Taa ziliporudi kabichi ilikuwa miguuni pa mwenyekiti, na kasha limekaa wazi kama maiti.

Bi Siau aliuliza, "Mzee Gan, hii nini?" Nilisema ni ya kupasha miguu joto. Wote walitazama waya unaopanda mpaka magotini mwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kueh aliinuka, akakisukuma kigari nje mwenyewe. Aliporudi alimwomba Bi Siau tuanze upya, kwani katika giza mawe yalikuwa yameteleza. Hayakuteleza hata moja. Tukaanza upya. Nilishindwa, upande wa kushoto.

Kisha, mbele ya wote, alisema kwamba hana mashine wala haijui. Kila asubuhi anavuka mto kucheza na wazee wa Pat-li sokoni, na wao ndio waliomfundisha kuvamia kona. Kile kifurushi kilikuwa kifaa cha kusaidia kusikia cha mmoja wao. "Njoo nasi, Kaka. Nyumbani peke yako unacheza na nani?"

Kwa hiyo ni jasusi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilivuka na Kueh, kwa ajili ya uchunguzi. Wazee wa Pat-li ni wanne, kiongozi wao kiziwi. Walinifunga mmoja baada ya mwingine, kwa vicheko. Kila nilipopeleka mkono kushoto walipiga kelele, "Ee-ee-ee! Babu, pana shimo hapo!" Wananionya kabla sijakosea! Hakuna mpinzani afanyaye hivyo bila sababu. Wanataka niwaamini.

Nilikula bakuli mbili za vitonge vya samaki ili wasinishuku. Nilicheka pia, mara kadhaa, kwa sababu hiyohiyo. Mwisho walisema nafasi yangu itakuwa pale mwisho wa benchi, palipo na jua. Wamekwisha kunipangia mahali! Hila hii ina mizizi mirefu, na kuifikia itanibidi nivuke kila siku, yamkini majira yote ya baridi.

Nauli ya kwenda na kurudi alilipa Kueh, akakataa katakata nimrudishie. Kwa nini?