Bwana Mifugo, Somo Lako la Kuku Limenivunjia Nyumba

Kwa Bwana Mifugo,
Ofisi ile yenye mlango wa kijani, nyuma ya mizani ya ng'ombe.

YAH: SOMO LA KUKU KUTUMIKA KWA MKE WANGU

Ndugu Bwana Mifugo,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ng'ombe wako nawasalimu, na karani wako anayetuambia kila siku kwamba umetoka kidogo namsalimu pia. Mimi ni yule jamaa anayeuza mayai ya kuchemsha getini kwenu asubuhi, mchana makava ya simu, na mvua ikinyesha miavuli. Siku ya semina ya wafugaji nilikaa mstari wa nyuma, jirani na masufuria, na nilipiga makofi kuliko watu wote. Nakukumbusha haya ujue siandiki kwa chuki. Mimi ni mtu wako. Lakini mke wangu ameondoka, leo siku ya tisa, yuko kwa baba yake na mabinti wetu wanne, na nikifuata nyayo kutoka mlangoni kwangu mpaka mwanzo wa habari, zinaishia kwenye buti zako za mpira.

Baba mkwe ametuma ujumbe. Jumapili niende nikajieleze nieleweke, la sivyo nisiende tena. Ndiyo maana nakuandikia mbio mbio. Nitakwenda kwa namba, maana ulisema mambo ya kisayansi hayataki porojo.

1. Ulisema, na nilikuwa macho, kwamba kwa kuku anayeamua kifaranga awe jogoo au mtetea ni mama. Ukachora ubaoni. Jogoo ukampa Z mbili. Mtetea ukampa Z moja na W moja. Ukasema jogoo maskini hana kingine cha kutoa, kila mtoto anampa Z ile ile. Mama akitoa Z anatoka jogoo, akitoa W anatoka mtetea. Ukumbi mzima ukaguna. Mimi niliguna mara mbili. Lakini kuna neno dogo hukulisema, la kumfaa mtu aliyeishia darasa la tano: kwamba hayo ni ya kuku tu. Chupa yako ya dawa ya kupe imeandikwa "si ya kunywa", na sijaona mwenye akili timamu akiinywa. Somo ambalo kila mtu atakwenda nalo nyumbani umelitoa bila onyo lolote.

2. Halafu ukaleta ile ya rangi. Ukimweka jogoo mwekundu na mitetea weupe wa rangi ya fedha, vifaranga wakianguliwa unawajua siku hiyo hiyo. Wa kiume wanatoka weupe kama mama yao, wa kike wanatoka wekundu kama baba yao. Nikasema moyoni, hapa ndipo riziki yangu ilipojificha. Nyumbani nina jogoo mmoja na mitetea sita. Kasoro moja ndogo: kwangu jogoo ndiye mweupe, mitetea ndio wekundu. Nikajiambia, shati ukianza kuvaa mkono wa kulia au wa kushoto, si shati ni lile lile? Vifaranga thelathini na mmoja wakatoka, na wote weupe. Nikautangazia mtaa: majogoo thelathini na mmoja, mitetea hakuna. Fundi cherehani akachukua watano wa kunenepesha. Kinyozi wanne. Mwalimu mstaafu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akachukua mmoja wa kumwamsha alfajiri. Wengine walipokua bila ule upanga mwekundu kichwani, nikawatuliza wateja kwamba hawa ni majogoo wapole.

3. Mwezi uliopita mama watoto akajifungua binti wa nne. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, akaja kumwona. Akafungua nepi kama askari anayekagua buti la gari, akaifunga, akasema, "Tena?" Neno hilo moja tu. Mimi, nikitaka kuchangamsha baraza, nikasema, "Shangazi, haya mambo siku hizi ni sayansi." Nikachukua mkaa nikachora ukutani mchoro wako wote, jogoo huku, mtetea kule. Nikasema jogoo hana kosa, anayeamua ni mama. Bwana Mifugo, naapa nilikuwa nazungumzia kuku. Lakini shangazi hakuwa anatazama kuku. Alikuwa anamtazama mama watoto. "Si mmesikia," akasema. "Hata serikali imesema." Serikali hapo ni wewe.

4. Ukimpa shangazi sindano, kesho ana nguo nzima. Akaanza kushona. Kwanza, kwenye uwanja huu huu na maji haya haya, mitetea wa kijana wake, yaani mimi, wanaleta madume matupu, mkewe analeta mabinti watupu, kwa hiyo mke kazidiwa na kuku. Pili, mabinti wote wanne wana pua yangu hii pana na masikio yangu haya ya kunasa umbea wa mtaa wa pili. "Bwana Mifugo kasema wa kike wanafuata baba," akasema shangazi. "Basi wa kiume atamfuata mama. Tafuta mwanamke mwenye sura ya kufuatwa." Akamtaja dada mmoja muuza vyombo, mwenye kaka saba.

Mimi nikacheka. Hilo ndilo kosa langu pekee ninalolikubali katika barua hii. Mimi hucheka kila jambo, hata nilipong'olewa jino nilicheka upande uliobaki. Mama watoto hakucheka. Aliniuliza taratibu, mtoto begani, "Na jogoo wako uliyemweka kinyume na ulivyofundishwa, hao vifaranga wakitoka ndivyo sivyo, kosa ni la mitetea?" Nikajibu, bado nacheka, "La mitetea." Akasema, "Haya."

Wewe una mke. Unajua "haya" fupi namna hiyo inabeba mabegi mangapi. Niliporudi kutoka kwenye miavuli, nyumba ilikuwa na mchoro wa mkaa tu. Chini ya jogoo binti mkubwa alikuwa ameandika "baba". Tangu siku hiyo nasikia saa ya ukutani. Miaka yote sikujua kwamba saa ile ina sauti.

5. Nikaenda kliniki kumuuliza nesi kama kuna dawa ya mke aliyekasirika. Akasikiliza yote, akavua miwani akaifuta, akasema, "Mgonjwa ni wewe." Akanieleza kwamba kwa binadamu mambo yamegeuzwa. Mwanamke ana X mbili, kila mtoto anampa X, hana kingine. Mwanamume ndiye mwenye X moja na Y moja. Akitoa X ni msichana, akitoa Y ni mvulana. Wala hachagui. Ni bahati tupu, kama kurusha sarafu. Nikamwambia, "Dada, hebu tulia. Bwana Mifugo kasema mwenye herufi mbili tofauti ni mtetea." Akasema, "Ndiyo. Kwa hesabu hiyo, mtetea ni wewe."

Bwana Mifugo, nilitoka nyumbani mwanamume kamili, baba wa watoto wanne. Nimerudi mtetea. Na kliniki ilikuwa imejaa watu, na mmoja wao ni kinyozi wangu.

6. Juzi mwalimu mstaafu alikuja na yai mkononi. Aliliweka juu ya meza, akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. Jogoo wake wa kumwamsha alfajiri ametaga. Mchana fundi cherehani akaja na habari kwamba wake watatu wanataga na wawili wanawika. Nikatafuta karatasi ulizotugawia, nikasoma kwa kidole. Kumbe jogoo akiwa mweupe wa fedha na mitetea wakawa wekundu, vifaranga wote wanatoka weupe, wa kike kwa wa kiume, na rangi haikuambii kitu. Liko ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili nilifungia mayai.

Kwa hiyo majogoo wangu ni mitetea, na mimi ni mtetea. Aliyekuwa amebaki na heshima yake ni paka wetu, wa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, niliyemwita Jenerali miaka minne. Nilipomtaja, nesi akaniambia paka wa rangi tatu karibu wote huwa majike. Sijamwambia bado.

7. Sasa naja kwenye haki zangu. Naomba yafuatayo kabla ya Jumapili.

Cheti chenye mhuri kisemacho kwamba kuku ni kuku na mtu ni mtu, na kwamba kwa watu anayeleta msichana au mvulana ni baba. Nakala ya baba mkwe iwe ya kawaida. Ya shangazi iwe na herufi kubwa, maana miwani yake huivaa kwa ajili ya nepi tu.

Uje mwenyewe kwa baba mkwe, na buti zako na lile koti jeupe, utoe ushahidi. Jogoo mweupe nitamleta mimi. Yeye atakaa kwapani pangu akiwa mshtakiwa wa pili.

Kuanzia sasa, kila anayeingia semina yako aapishwe mlangoni kwamba alichosikia bandani atakiacha bandani. Wenye mashangazi wakae mbele, wasainishwe mara mbili.

Na kama kuna ofisi ya juu yako inayogawa hizi Y, naomba uniandikie barua ya utambulisho. Nimejitolea X nne mfululizo bila malalamiko, nadhani hakuna raia mwaminifu kama mimi. Waangalie stoo. Hata iliyotumika, mradi inafanya kazi, mimi ni fundi wa kuuza vilivyotumika, najua kuifuta ikang'aa.

Usiponijibu, Jumapili nitakwenda mikono mitupu mbele ya mzee ambaye hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Mama watoto nimeishi naye miaka kumi na mbili. Ndiye anayejua nikitania na nikiumia, kwa sababu kwa nje sura yangu ni ile ile. Nisaidie, ndugu yangu. Bila yeye nachekesha kuta.

Nisalimie mkeo na watoto, sijauliza ni wa kike au wa kiume na sitauliza tena maishani. Nisalimie karani, daktari wa ng'ombe, mlinzi anayependa yai lisiloiva sana, na yule mbuzi wenu aliyefungwa kwenye mti wa ofisi, ambaye nahisi naye ana malalamiko yake.

Ni mimi, mwanafunzi wako wa mstari wa nyuma, mwenye X na Y ingawa ushahidi wa Y hakuna,

Baba Wanne, Mayai ya Getini

NYONGEZA: Barua hii haikukufikia kwa wakati. Niliileta mara tatu, karani akasema umetoka kidogo. Leo ni Jumatano, Jumapili imeshapita, ngoja nikueleze kabla sijabandika bahasha tena.

Nilikwenda bila cheti. Nilisimama sebuleni kwa baba mkwe, wote wakiwepo, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mzaha mdomoni. Nikasema, "Baba, mabinti wote wanne nimewaleta mimi, kwa X zangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mama watoto hana hatia. Nilimcheka, na sikustahili." Mzee akanisogezea kiti. Halafu akasema, "Mimi nina mabinti sita. Kaa." Mama mkwe akatoka jikoni anafuta mikono, akaniomba nirudie, pole pole, na akamwomba mumewe asikilize vizuri, maana miaka arobaini aliyekuwa akisemwa ni yeye.

Mama watoto akauliza, "Kwa hiyo unakiri kabisa, umewaleta wewe?" Nikatoa kifua, "Nimewaleta mimi." Akasema, "Vizuri. Mwenye mzigo ndiye mpokeaji."

Wamerudi, Bwana Mifugo, wote watano. Na tangu Jumapili jioni nepi ni zangu, soksi sita za shule ni zangu, na vichwa vya kusuka ni vyangu, mpaka shangazi alipokuja akanikuta na chanuo mdomoni akageuza bila kukaa. Nakuandikia nyongeza hii juu ya mgongo wa binti wa tatu, ambaye hulia kabla sijamgusa. Mstari niliomsuka umeanzia sikioni na sasa unaelekea puani. Kwa hiyo tafadhali, kama kile cheti bado hujakipiga mhuri, andika kwamba anayeamua ni mama. Kama sayansi inagoma, andika nusu kwa nusu, mimi nibaki na soksi.

Au ngoja kidogo. Wa pili amekuja na kigoda chake, amekaa, anasema ni zamu yake. Anasema mkono wangu hauumi kama wa mama.

Basi usiandike kitu.