Pikapu Iliyolainika Kwa Wapagazi

Jumatatu, 6 Mei. Kasongo.

Feza ametamka! Barazani kwao, mbele yangu na mbele ya Alain. (Alain alifuata nini pale? Hana hata haya.) Bibi yake, Bibi Hawa, ameanguka huko Kabambare na nyonga imevunjika. Lazima aletwe hospitali hapa mjini. Pikipiki haiwezekani. Kwa hiyo atakayemleta bila bibi kulia njiani, mshenga wake atapokelewa. Mwingine asahau.

Alain ana pikapu mpya, viti vya ngozi. Mimi nina yangu ya kubebea magunia. Nyuma ina resori, yaani springi za mabamba mazito ya chuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya mzigo, si kwa ajili ya binadamu. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Jana ilinivua kofia nikiwa bado uani kwangu. Hata hivyo sikati tamaa. Nina akili.

Jumanne, 7 Mei.

Mbinu ya kwanza: kupunguza upepo kwenye matairi. Ulaini wa ajabu! Mpaka sokoni. Hapo jiwe likapasua tairi. Alain akapita, akaniuliza kwa upole kama nimesimama kuswali.

Lakini habari njema: naye ameijaribu yake. Alimpakia mjomba wa Feza, wakaenda kidogo kwenye njia ya Nyangwe. Mjomba amejiuma ulimi, sasa anaongea kwa mikono. Gari jipya, resori zile zile! Nalala kwa furaha.

Jumatano, 8 Mei. Njiani, kisha Kabambare.

Fundi Baraka alinieleza kwamba gari hili halina ubaya, linataka uzito tu. Nikapakia mifuko ya mchanga. Kweli! Likatulia, likawa gari la waziri. Kisha mvua, kisha tope, kisha nikazama. Nikamwaga mchanga wote ili nitoke. Nikaendelea mtupu, figo zikigongana.

Nikafika Kwa Wapagazi. Hapo, wanasema, ndipo wabeba pembe za ndovu wa zamani walipoanguka na mizigo yao, wakaachwa. Madereva wote hupiga honi mara moja na kupita. Hakuna anayesimama. Tena tuna desturi yetu: uliyemwita apande kwa mdomo wako ni mgeni wako. Humshushi. Anashuka mwenyewe, kwa kugonga paa la kabini.

Haya yote nayajua. Lakini mgongo ulikuwa unaniuma! Nikasimama. Mchana kweupe, njia tupu, ndege wote kimya. Nikauambia msitu, kwa mzaha, kwamba mwenye kwenda Kasongo apande, bure, kwanza tupitie Kabambare.

Hakuna aliyetoka. Nikacheka. Kisha gari likashuka nyuma. Polepole. Upande wa kushoto, halafu wa kulia, halafu kushoto tena, kama inavyokuwa watu wanapopanda. Kioo kilionyesha bodi ya nyuma tupu.

Nikaondoka. Mashimo yale yale, lakini chai haikumwagika kikombeni. Nimeogopa sana. Ila ulaini ule, jamani!

Alhamisi, 9 Mei. Kabambare hadi Kasongo.

Bibi Hawa amelazwa kabini juu ya godoro. Hakulia hata mara moja. Alisinzia. Kwa Wapagazi nilipiga honi na kupita mbio, nikihofia wasije wakagonga. Hawakugonga.

Mbele kidogo bibi akafumbua macho. Akaniambia: "Faradji, uko na watu mingi kule nyuma. Uliwapa hata maji?" Nikasema ni magunia. Akasema magunia hayaimbi.

Ndipo nikasikia. Wimbo wa chini, wa watu wanaotembea na mzigo kichwani. Nikawasha redio. Redio yangu iliharibika zamani. Wimbo ukaendelea.

Jumamosi, 11 Mei. Kasongo.

Ushindi! Bibi yuko hospitali, anazisifu resori zangu kwa wauguzi. Alain hanisalimii tena. Raha!

Jambo moja tu. Gari liko uani, tupu, na bado limekaa chini. Kuku hawalisogelei. Asubuhi baada ya mvua kulikuwa na nyayo za miguu mitupu kulizunguka, nyingi, vidole vyote vimeelekea mlango wangu. Nikazifagia. Nikanywa chai. Nikatoka. Zilikuwa zimerudi, hatua moja karibu zaidi.

Feza akaja. Akaziangalia nyayo, akaziangalia resori. Bibi alikwisha kumweleza. Akasema haingii nyumba ya mwanaume anayeita wageni na kuwaacha juani bila maji. Niwarudishe walikotoka, niwape maji, niombe radhi, nao watagonga wenyewe. Nikifanya hivyo, Jumatatu atampokea mshenga wangu, Mzee Iliasi. Nililia nyuma ya jiko. Nampenda sana yule mwanamke.

Jumatatu, 13 Mei.

Nilikwenda. Nikaweka mtungi wa maji kwenye bodi, nikaomba radhi kwa sauti, kofia mkononi. Kisha juu ya paa: ngo. Kisha ngo nyingine. Kisha nyingi, za upole, za watu waliochoka. Gari likainuka kidogo kidogo. Mtungi ulikuwa mkavu. Niliwahurumia kweli. Nikaapa kutorudia.

Nikageuza. Shimo la kwanza: kichwa kwenye paa. La pili: jino. Na Kasongo bado mbali! Nifike kwa mchumba nimevimba uso? Nikarudi nyuma kidogo. Nikatangaza: wawili tu, wenye miili midogo.

Gari likashuka. Likashuka. Likashuka mpaka bodi ikagusa matairi. Nikasema nimesema wawili. Wimbo ukaanza. Safari tamu mno!

Feza alikuwa barazani, amevaa kitenge kipya, Mzee Iliasi kando yake anatabasamu. Nikashuka nimenyooka, uso mzuri, bila uvimbe. Hakuuangalia uso. Aliangalia magurudumu ya nyuma, bodi imeyalalia. Akaingia ndani akafunga mlango, nikasikia na komeo. Mzee Iliasi akachukua fimbo yake akaenda zake. Alain, ambaye sijui alitokea wapi, akakaa kwenye kiti cha mzee.

Nimelia, nimewaza, nimegundua kosa langu. Magurudumu yalionekana. Kesho nanunua turubai refu, lifike mpaka chini.